Mkanda wa Mifuko Tisa

Skola alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu hapa Nandagala Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, amevaa koti la mvua na mvua yenyewe haipo. Alijipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, akanitazama kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye ndala, na kabla hatujasalimiana akasema, "Somoe, mbona umezeeka hivyo, mwenzangu?" Nikamwambia ajitazame kwanza kwenye kioo cha pikipiki kabla mwenye nayo hajaondoka. Tukacheka, tukashikana mikono, kisha tukakumbatiana na kulia kidogo, maana hatukuwa tumeonana tangu siku tuliyomzika bibi yake, na siku hiyo nywele zetu zilikuwa bado nyeusi. Nilidhani amekuja kuniona mimi. Alipokwisha kunywa maji ndipo akasema amekuja kuomba mayai ya bata.

"Wangu wamekwisha," alisema. Nikamwuliza kama ni wote. "Wote. Wa mwisho kakanyagwa na lori la ufuta, kajilaza katikati ya barabara utadhani kiwanja ni chake. Sema wewe bado unao." Ninao. Wako kumi na wanne nyuma ya nyumba, weusi kwa weupe, wenye nyama nyekundu usoni, na kila mmoja wao ni wa uzao wa bata wa Bibi Marselina, bibi yake Skola. Nikamwuliza mayai atayafikishaje Nachingwea, kwa pikipiki mpaka Ruangwa mjini na kisha kwa basi dogo, katika barabara ile. Skola akanitazama tu. Ndipo nikajua. Nikaitoa cherehani yangu uani, nikaanza kutafuta kitambaa laini kwenye gunia la vipande. Mume wangu, ambaye ameishi nami miaka thelathini na kitu na bado hajayajua mambo yangu yote, akauliza tunashona nini. "Mkanda," nikasema. "Mkanda wa nini?" Skola alianza kucheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. Nilishona mchana kutwa, na muda wote huo mimi sikuwa Nandagala. Nilikuwa Nachingwea, mwaka ule niliokuwa na miaka kumi na minane.

Sababu ya kwenda huko haikuwa kubwa. Nilitaka kujua cherehani, fundi mzuri alikuwa Nachingwea karibu na soko, na Bibi Marselina alikuwa na chumba kitupu. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za kale za wakati wa wazungu wa ule mradi wa karanga, kuta nene, madirisha ya wavu uliotoboka, dari ya mbao iliyodondosha vumbi kwenye chai. Chumba nilichopewa kilikuwa zamani bafu. Mabomba yalikwisha kung'olewa lakini vigae vyeupe vilibaki ukutani, na asubuhi za kipupwe ukivigusa kwa kiwiko ulikuwa unaamka vizuri. Sinki la kuogea lililokuwamo humo, la chuma, refu kiasi cha mtu mzima kulala, lilikuwa limeburutwa mpaka uani, na Bibi alikuwa akilowekea muhogo. Harufu ya muhogo ule ndiyo iliyonipokea siku ya kwanza. Mpaka leo nikiinusa popote naviona vile vigae.

Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ile: Bibi, mimi, na Skola, mjukuu wake, ambaye tulilingana umri na karibu kila kitu isipokuwa dini na unene. Tulikula sinia moja. Ugali wa muhogo kwa kisamvu, au mbaazi, na Jumamosi asubuhi ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, tunaimenya kwa vidole huku inaunguza, kwa chai ya rangi. Bibi na Skola walifanya ishara ya msalaba, mimi nikasema Bismillahi, na kwa kuwa Bismillahi ni fupi nilikuwa mbele yao kwa tonge moja kila siku. Skola alilalamika kwa Bibi kwamba hiyo si haki. Bibi akamjibu kwamba na yeye afupishe, Mungu hana shida ya kusikia. Alikuwa Mmakua kutoka Msumbiji, mwembamba, mrefu, Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni, na b zote alizitamka kama p. Kimwera changu nilidhani hakijui zaidi ya salamu. Hilo la Kimwera mlikumbuke.

Bata wake hawakuwa bata hivi hivi. Wakati wa vita vya kwao alivuka Ruvuma na watoto wawili, sufuria moja, na mayai kumi ya bata aliyoyafunga tumboni kwa kitenge. Watu walimcheka, alitusimulia, wakamwambia achukue mtama, achukue chumvi, mayai yatavunjika. Yeye akasema mtama upo kila mahali, lakini bata wale walikuwa wa mama yake. Yaliyoanguliwa upande wa huku yalikuwa sita, na kutoka kwa hao sita aliishi nao miaka yote, akigawa, akila, akibakiza. Mwaka niliokuja mimi walikuwa wamepungua mpaka wakabaki dume moja zee lenye hasira na jike moja. Jike hilo lilikuwa linaatamia mayai tisa kwenye banda la fito nyuma ya jiko, na kazi ya kulifunga banda kila jioni ilikuwa yangu. Mlango ulifungwa kwa kijiti kilichopita kwenye kitanzi cha waya. Kazi ya sekunde mbili, hata ntoto, kama alivyokuwa akisema Bibi, angeiweza.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano tuliamka tukakuta mlango uko wazi na jike limeuawa na kicheche. Sitaeleza tulivyolikuta. Dume lilikuwa juu ya paa la choo, limenyamaza kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Mayai yalikuwa yamebaki kwenye kiota, yote tisa, na kwa chini yalikuwa bado na joto. Bibi akaniuliza kwa upole, "Somoe, ulifunga?" Mimi nilikuwa nakumbuka jioni ile vizuri sana mpaka kwenye kiota, kisha nakumbuka redio ya jirani imeanza mziki nilioupenda, kisha nakumbuka niko kwenye uzio wa jirani nacheza. Kijiti sikikumbuki. "Nilifunga, Bibi," nikasema. "Nakumbuka kabisa." Skola alikuwa kando yangu anatazama chini, na nilimshukuru moyoni kwa kutonitazama usoni. Bibi akageuka. Alikwenda kuleta koleo, akakata kipande cha waya mpya, akatengeneza kitanzi, akaniambia nishike mlango huku yeye akikaza. Kisha akainama, akaokota yai moja, akalipima kwenye shavu lake, akaniwekea mkononi. "Haya ya wewe sasa," alisema. "Yakifa haya, pasi. Pata wa mama wamekwisha."

Sijui kama mtu anaweza kuelewa uzito wa sentensi ile kwa msichana aliyetoka kusema uongo dakika tatu zilizopita. Nilikimbia na mayai yale jikoni. Tulikuwa na kuku mmoja aliyekuwa anaatamia kwenye kapu chini ya meza ya jikoni, mayai yake manne, nikampenyezea yale tisa polepole, moja moja, akanidonoa mpaka damu lakini akayapokea. Nikaweka kipande cha mkaa pembeni ya kapu kama nilivyoona kwetu wakifanya ili radi isiyaharibu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwa fundi nilipiga magoti chini ya meza ile, nikanong'ona kwa Kimwera, lugha ya siri yangu ndani ya nyumba ya Wamakua, nikiyaambia mayai yanisamehe, kwamba mlango niliuacha mimi, kwamba wakitoka salama sitaacha tena mlango wowote wazi maisha yangu yote. Bibi alikuwa kwenye mafiga amenipa mgongo, akikoroga uji.

Nilikuwa nimeukimbilia upishi bila kuuliza moto. Kuku huangua kwa wiki tatu. Bata wetu hawa huhitaji tano. Kuku wangu alikuwa ameshakalia manne yake wiki mbili, bata alikuwa amekalia yake wiki moja tu, na mimi nikawachanganya kapu moja kana kwamba wamekubaliana tarehe. Baada ya siku saba vifaranga wanne wa kuku wakatoka, wakakauka, wakaanza kulia njaa, na mama yao akainuka kwa heshima zake akatoka nao uani kuwafundisha kuparura. Sikuwepo. Niliporudi adhuhuri nilikuta kapu limeachwa, na yale tisa yameanza kupoa. Nilimkamata yule kuku nikamrudisha mara nne. Mara ya nne alinitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekuja baada ya saa za kazi. Skola akatoka mbio kwenda kwa majirani kuuliza nani ana kuku anayeatamia. Mama Asha, Myao wa nyumba ya tatu ambaye utani wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake, akasema anaye, lakini yuko kwa dada yake Kilimarondo, atamleta keshokutwa.

Keshokutwa. Nilikaa kwenye kizingiti na mayai kwenye khanga mapajani mwangu, nikalia. Halafu nikaacha kulia kwa sababu niliona kwamba pale yalipokuwa yamegusa paja langu yalikuwa na joto. Nilikuwa na vipande vya flana kutoka kwa fundi, vya kushonea nguo za kichanga. Nilikaa kwenye cherehani ya mkono ya Skola, nikashona mkanda mpana wa kuzungushia tumbo, na ndani yake mifuko tisa, kila mmoja wa kipimo cha yai moja, yenye kifuniko cha kukunja. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuibuni mwenyewe, na nitasema bila aibu kwamba mishono ilikuwa imenyooka. Nilipojifunga na kutoka nje Bibi alikuwa anachambua mbaazi. Ungo ukamtoka mkononi. Alikuja akanishika tumbo kwa mikono yote miwili, akayahesabu kwa vidole juu ya nguo, akanitazama, akaanza kucheka, na machozi yakimtoka kwenye kicheko hicho hicho. "Hivi," akasema. "Hivi hivi nilikuwa mimi kwenye maji." Sikupata kujivunia kitu maishani mwangu kama nilivyojivunia pale, na papo hapo nikakumbuka mlango, kiburi chote kikanishuka.

Siku mbili nilitembea na mayai yale. Kwa fundi sikuweza kukosa, tulikuwa na sare za shule za kumaliza, basi nikaenda hivyo hivyo, nikatembea kama mwali aliyetoka ndani, nikakaa kwenye cherehani nimejiinua, sikuinama kuokota hata pini. Wateja walinitazama. Nyuma ya pazia la kupimia nguo niliwasikia wanawake wawili wakisema, "Yule mgeni wa Marselina, mwenzangu, umemwona?" "Nimemwona. Miezi mitano." "Sita. Angalia anavyokaa." "Na yule bibi alivyo mkali, mh." Fundi wangu, mtu wa haya, alinisogezea kiti chenye mto bila kunitazama, akaniambia nikichoka nipumzike, mazoezi ya kukata tutafanya mwakani nikishakuwa tayari. Sikuelewa mwaka wa nini mpaka Skola aliponieleza njiani, na ilinibidi nishike mti, maana kucheka nako kulikuwa hatari kwa mayai. Jioni yake Mama Asha akapita kuleta pongezi kwa sauti ya kusikika barabarani. Bibi akamjibu kwamba ndiyo, anangoja wajukuu tisa, na wote watakuwa na miguu ya kuogelea.

Kuku wa Kilimarondo aliletwa, mweupe, mpole, mwenye kifua kipana kuliko sifa zake, akayapokea mayai jioni ile ile. Nilimwekea maji mdomoni. Nilihesabu siku kwa chaki kwenye kigae. Na siku ya thelathini na tano tangu bata aanze kuyaatamia, katikati ya kipupwe, nikasikia mlio mwembamba ndani ya yai la kwanza. Saba walitoka. Mawili yalikuwa viza, Bibi akayazika chini ya mpapai. Lakini saba. Wa manjano wenye mabaka meusi, vidomo vipana, macho ya kushangaa kila kitu, na mdogo kuliko wote, mwembamba mno, nilimpa jina la Sindano. Kuku mweupe aliwatazama miguu yao akaonekana kama mtu aliyeletewa barua ya jirani, kisha akakunjua mabawa akawapokea.

Kosa langu la pili nililifanya kwa furaha, na la furaha ndilo baya zaidi kwa sababu mtu haoni linakuja. Bata ni wa maji, kila mtu anajua. Siku ya tatu mimi na Skola tulisugua lile sinki la muhogo mpaka likang'aa, tukalijaza ndoo kumi na mbili za maji ya kisima, na saa moja asubuhi, Bibi akiwa misa, tukawaweka wote saba humo kwa mpigo. Mungu wangu, walivyopendeza. Waliogelea kama waliozaliwa humo, wakageuka pamoja, wakapiga mbizi, na Skola alikuwa anapiga vigelegele. Kuku mweupe alizunguka sinki akipiga kelele, anaruka juu ya ukingo na kushuka, na sisi tukamcheka. Yeye ndiye aliyekuwa na akili pale uani. Baada ya muda mfupi niliona manyoya yao hayaelei tena, yamelowa yakawagandia mwilini, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuzama mgongo, kisha shingo. Sinki lina kuta za utelezi, hawakuwa na pa kupandia. Sindano alikuwa chini kabisa, ametulia.

Tuliwatoa tukiwa tunalia wote wawili. Bibi alitukuta jikoni, tumewafunika kwa khanga, wanatetemeka, na Sindano kiganjani mwangu hatetemeki hata kidogo. Hakutugombeza. Alifungua kitenge, akaanza kutoa amri. Skola alete majivu ya moto kwenye chungu, afunike kwa kigae, juu yake gunia, juu ya gunia kapu. Wale sita wakaingia kapuni. "Huyu mpe ngozi," akaniambia, akanishika mkono akamweka Sindano kifuani mwangu chini ya gauni, mwili kwa mwili, baridi yake ikanichoma. Akainama, akapuliza pumzi yake mle ndani ya gauni langu, polepole, kama anavyofufua kaa la moto. Akapuliza, akapumzika, akapuliza. Ndipo akatueleza. Kifaranga wa bata hazaliwi na mafuta yake, huyapata kwa mama, kwa kulala chini ya manyoya ya mama yaliyopakwa mafuta. Kuku hana mafuta hayo. "Mama yao ni kuku," alisema. "Kwa hiyo hawa, mpaka waote manyoya, ni kuku. Kuku wa kuoga kidogo kidogo." Ugali wa mchana ulipokuwa unasongwa nilihisi kitu kinanikuna kifuani. Nilipiga kelele mpaka mwiko ukaanguka. Sindano alitoa kichwa kwenye shingo ya gauni akatazama sufuria.

Tangu siku hiyo tuliwafundisha maji kwa utaratibu wa Bibi, na hizo ndizo wiki ninazozikumbuka nikitaka kufurahi. Sahani pana ya bati, maji ya vuguvugu yasiyopita vifundo vyao, jiwe bapa katikati la kupandia, na hakuna kuanza kabla jua halijapiga uani. Saa hatukuwa nayo. Bibi akasema siku ya kwanza Salamu Maria tano, kisha watoke. Skola alikaa upande mmoja wa sahani akisali kwa sauti, na mimi upande wa pili, kwa kuwa nilitaka na vifaranga wangu wapate za kwetu, nilisoma Qul huwallahu, tukagundua kwamba moja yangu na moja yake zinakwenda sawa ukizisoma bila haraka. Wakitoka tuliwafuta kwa vipande vya flana mmoja mmoja, tukawapeleka kwa kuku mweupe ambaye alikuwa ameshasimamisha manyoya kwa wasiwasi, wakalala chini yake mpaka wakauke. Wiki iliyofuata, kumi. Kisha rozari nzima kwa upande wao. Mama Asha alipita akasimama kwenye uzio, akamwuliza Bibi, "Marselina, hawa bata unawafanya mapadri au mashehe?" Bibi akajibu, "Wachague wenyewe wakikua." Tukahamia beseni la kufulia, kisha sinki lile lile, maji nusu, na ubao wa kupandia tuliouegemeza. Kila jioni nilifunga banda, nikaondoka, nikarudi kuangalia kama nimefunga.

Mvua zilipoanza, bonde la nyuma ya nyumba likajaa maji kama ilivyo kila mwaka. Wakati huo walikuwa na manyoya meusi yanayong'aa kijani juani, na matone ya mvua yaliwateleza mgongoni bila kuacha alama. Asubuhi moja walitoka bandani wakapanga mstari, Sindano wa mwisho, wakapita mbele ya sahani, wakapita sinki, wakashuka bondeni bila kutuuliza. Tuliwafuata sote watatu, na kuku mweupe. Waliingia majini mmoja mmoja. Kuku alisimama kwenye majani akilia, akiamini wanakufa, maskini, na sisi tukasimama naye. Hawakulowa. Walielea juu sana, wakavuka mpaka upande wa pili, wakarudi. Bibi Marselina alivua viatu, akakunja kitenge, akaingia mpaka magotini, akasimama katikati yao huku wakimzunguka. "Pata hajui mto upi," alisema mwishoni. "Anajua maji tu." Siku nilipoondoka Nachingwea, nimejua kukata suti, alinipa wawili, jike na dume, na jike alikuwa Sindano. Nilitaka kumwambia habari ya mlango pale pale, kapu likiwa mkononi. Nilifungua mdomo nikasema asante.

Mkanda niliumaliza Jumanne hiyo jua likielekea kuzama, flana ya kijivu safari hii, mifuko tisa. Skola aliujaribu juu ya gauni, akasema siku hizi tumbo lake lina nafasi ya mifuko kumi na minne. Nilikwenda kufunga banda, nikarudi, nikakaa, nikanywa chai kidogo, nikainuka tena.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kuangalia banda."

"Si umetoka kulifunga sasa hivi?"

"Nimelifunga. Naangalia." Aliendelea kunitazama, na sijui ni uzee au ni ule mkanda, nikasikia mdomo wangu unasema. "Tangu Nachingwea naangalia, Skola. Kila jioni. Mume wangu anadhani ni ugonjwa. Ule mlango niliuacha wazi mimi, nikamdanganya Bibi."

Skola akaweka kikombe chini. "Ule mlango niliuacha mimi," alisema.

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba jioni ile, mimi nikiwa nacheza kwenye uzio, yeye alifungua banda kuchukua sahani ya pumba, mikono imejaa, akasukuma mlango kwa mguu akasema atarudi. Nikamwambia haiwezekani, niliuacha mimi. Akasema yeye. Tuligombea kosa lile mpaka sauti zikapanda, wanawake wawili wenye wajukuu, kila mmoja akidai ni lake. Ndipo akasema kwamba yeye alikwisha kuungama kwa Bibi, wiki ile ile, alipomkuta peke yake jikoni.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Na wewe tena? Mwenzako anayaambia mayai kila asubuhi kwamba ni yeye.' Kimwera alikuwa anakijua chote, Somoe. Angekaa Nachingwea miaka yote ile asikijue? Akaniambia waya ulikuwa umekatika siku tatu nzima, kijiti kilikuwa kinashika hewa. Alikuwa anasema atatengeneza kesho. Kesho yake tena anasema kesho. Akasema kama ni kosa ni lake, sisi tulikuwa tunafunga mlango usiofungika."

Nikakumbuka koleo. Nikakumbuka waya mpya, na alivyoniambia nishike mlango huku yeye anakaza, na jinsi alivyokaza kwa nguvu bila kunitazama. "Mbona hakuniambia mimi?"

Skola alianza kucheka kabla hajatoa jibu. "Nilimwuliza. Alisema, 'Nitamwambia wakishaota manyoya. Sasa hivi anawalea vizuri mno.'"

Nilikasirika kwa muda wa funda moja la chai. Nilimkasirikia marehemu mwenye umri wa bibi yangu, Mungu ampumzishe, kwa jioni zote zile nilizotoka mvuani na tochi kwenda kugusa kijiti. Kisha nikamwona amenipa mgongo kwenye mafiga, anakoroga uji, anasikia kila neno langu chini ya meza, na mabega yake yanatikisika, na mimi siku zote nilidhani ni mwiko. Kicheko kilinikamata tumboni, nikalia nacho, Skola naye akalia, tukashikana kama siku ile ya sinki, ila hakukuwa na aliyelowa.

Giza lilikuwa limeanza kuingia, na bata walikuwa wametulia bandani. Mume wangu alipaza sauti kutoka ndani, "Mama Mwajuma, mbona leo hujaenda kuangalia banda?"

"Limefungwa," nikamwambia, nikamwongezea Skola chai.